Mwanafunzi Namba Saba

Karuba, tarehe 5 Oktoba 2025

Shangazi wangu Dorothée,

Siku ile ya mwisho uliniambia, "Ukiniandikia, usinitumie salamu tupu kama kadi ya Noeli." Basi leo naahidi mbele ya Mungu na mbele ya karatasi hii kwamba nitakuambia yote, hata yale yatakayoniaibisha. Na wewe fanya vivyo hivyo.

Sisi huku tunaamka. Baba anakusalimu sana. Anasema dada yake amekuwa mtu wa msituni kabisa, hata njia ya Masisi ameisahau. Amerudi kulima maharagwe katika shamba la juu. Lile la chini tumeliacha kwa sababu barieri ya askari, inayofunga njia, iko karibu nalo. Mama anakusalimu. Tate, mama yako, bado anakohoa, lakini anakohoa kwa hasira, na Baba anasema mtu mwenye hasira hafi upesi.

Sasa neno lenyewe. Niko mwaka wa mwisho wa pedagogia. Tumebaki wafinalisti ishirini na wanne, wengine walikimbia na wazazi wao. Papa Edmond, mwalimu wetu wa didaktiki, alishuka Goma kwa mafunzo ya siku tano, akarudi na simu moja na pano ndogo ya jua ya kuichaji. Shirika moja limeitoa ili sisi tunaojiandaa kufundisha shule ya msingi tujue kutumia vifaa vya kisasa. Siku ya kwanza Jeannette, unaujua mdomo wake, aliinua kidole.

"Papa Edmond, simu bila réseau iko sawa na jembe bila mupini."

"Mupini njo weye, Jeannette. Kuja, nitakushika nilime."

Tulicheka mpaka direkteri akachungulia. Ni kweli mnara wa simu umekufa tangu Juni, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Lakini Papa Edmond anasema mwalimu hahitaji réseau. Anatufundisha kurekodi sauti ya mvua na ya ndege kwa watoto wa darasa la kwanza. Anatufundisha kuonyesha picha moja kwa watoto hamsini, sita sita, bila vita. Na katika fishi ya kutayarisha somo, ukiandika "simu" kwenye mstari wa vifaa, lazima ueleze simu itafanya nini ambacho ubao hauwezi. Ukishindwa kueleza, unaifuta mwenyewe, mbele ya wenzako.

Kubwa kuliko yote ni video. Tunapoenda kufundisha somo la mazoezi katika shule ya msingi, tunaweka simu mbele, juu ya matofali matatu, ikiwatazama watoto. Haimtazami mwalimu. "Ya mwalimu, sauti inatosha," anasema Papa Edmond. "Tunataka kuona batoto banafanya nini wakati weye unajifurahisha na chaki." Kesho yake tunaangalia pamoja na kukosoa. Na ili tusioneane haya wala kupendeleana, hatutaji majina. Kila mtu alichukua namba ndani ya kofia ya Papa Edmond, na orodha iko katika daftari lake. Mimi ni namba saba.

Juzi tuliangalia somo la namba kumi na tatu. Alisema "sawa?" mara kumi na tisa, na nyuma kabisa wavulana wawili walikuwa wanauziana panzi. Namba kumi na tatu alilia, halafu akaomba aone tena sehemu ya panzi.

Shangazi, nataka kuwa mwalimu kama wewe. Wafinalisti wako wa Walikale wanajifunza namna gani? Barua hii inakuja kwa mkono wa Papa Zéphyrin wa Kirolirwe, anayeleta fromaji ya maziwa ya ng'ombe kwenu.

Mimi, binti ya kaka yako,
Carmel


Walikale, tarehe 27 Oktoba 2025

Carmel, mama yangu,

Zéphyrin amefika na miguu iliyovimba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, ili mume wangu Théophile aisikie. Anakusalimu. Alikaa mitegoni siku tisa akarudi na nungu mmoja mwembamba. Wazee hapa wamefanya mambo yao ya zamani ili msitu utulie. Wanasema nyama wamekimbia bunduki kama watu. Mimi niliwaombea rozari upande wangu. Kati ya sisi sote, tumepata nungu.

Mwambie kaka yangu Honoré kwamba njia ya Masisi sijaisahau. Ni njia iliyonisahau. Tate mpeni asali hii, asiimalize siku moja.

Umeuliza wafinalisti wangu wanajifunzaje. Nitakuambia, kwa sababu tumeahidiana. Madawati yetu yalichomwa na watu waliolala shuleni wakati wa mapigano. Watoto wa shule ya msingi wengi hawajarudi. Kwa hiyo wanafunzi wangu wanafundishana wenyewe. Mmoja anasimama mbele, kumi na wanane wanajifanya watoto. Mwanaume mwenye ndevu anainua kidole, anasema, "Mwalimu, ninataka kukojoa," wote wanacheka, na somo limekufa. Mwezi wa saba watapewa diploma. Watakwenda kufundisha watoto wa watu, na hawajawahi kumwona hata mtoto mmoja akikataa kuelewa.

Nilipofika kwenye ile simu yako juu ya matofali, niliwaza jambo. Nakuomba video moja. Nina simu ya zamani inayoweza kuifungua. Chagua somo zuri, ambamo watoto wanajibu wenyewe. Na ufuate fishi yote, kutoka kichwa mpaka mwisho, usiruke mstari, ili hawa wangu waone kila hatua ilivyo. Mwombe Papa Edmond ruhusa. Zéphyrin ataileta.

Shangazi yako,
Dorothée


Karuba, tarehe 16 Novemba 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Asali imekwisha. Tate anasema ni panya. Baba amevuna maharagwe magunia mawili, moja limechukuliwa njiani, na hapendi tuzungumze habari hiyo, basi nimekuambia, naishia hapo.

Video imo ndani ya bahasha hii, kwenye kadi ndogo ya simu niliyoibandika kwa utepe. Papa Edmond amekubali. Alifurahi hata akanyoa ndevu. Nimepata kumi na saba juu ya ishirini!

Nilifundisha Alhamisi, darasa la nne, kwa Mama Colette. Yeye ndiye mwenye darasa, utamwona ameketi nyuma na koti la kijani, anaandika makosa yangu. Nilifuata fishi kama ulivyoomba. Nilianza kwa kusoma kichwa kwa sauti: "Karuba, Alhamisi tarehe 13 Novemba. Darasa la nne. Wavulana ishirini na wawili, wasichana ishirini na tisa. Mwenye darasa, Mama Colette. Anayefundisha, mwanafunzi namba saba. Somo, pande nne za dunia." Sauti haikutetemeka, utasikia.

Kisha nikauliza, "Jua linatoka wapi?"

"Kwa Papa Déo!" darasa zima likajibu, kwa sababu ni kweli, linatokea nyuma ya zizi lake.

"Upande huo unaitwa mashariki. Nani anaona kitu kingine mashariki?"

Msichana mmoja wa mstari wa pili, Tumukunde, akasimama. "Mwalimu, kuko hema ya basoda."

"Hema za askari ni ngapi?" Papa Edmond ametufundisha kwamba idadi haipiti darasani bila kuhesabiwa.

"Tisa!"

"Kumi na mbili!"

"Weye unahesabu na choo yabo!"

Basi nikawapeleka dirishani, tukahesabu pamoja kwa sauti kubwa. Zilikuwa kumi na moja. Nikaandika 11 ubaoni, tukampigia makofi Tumukunde kwa kuona vizuri. Kaskazini waliona njia ya Mushaki na barieri. Mtoto mmoja akasema, "Kuko bantu bane, moja analalaka," nikacheka, utanisamehe, mwalimu hapaswi kucheka hivyo. Kusini ni kisima na kanisa. Magharibi walitaja mashamba, halafu ile njia ndogo ya mgombani ambayo mama zetu wanapitaga tukikimbia. Sikuwa na haja ya kuwasukuma. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kusema. Hata wale wanaolalaga kwa njaa walisimama.

Kwenye kukosoa, Mama Colette alisema, "Namba saba anangojea mtoto afikiri. Hiyo haifundishwi." Halafu akasema niliwageuzia watoto mgongo mara nne. Jeannette akasema tano.

Papa Zéphyrin ameuliza kama bahasha ina kitu cha kuficha. Nimemwambia hapana, ni somo tu.

Ukishaiona, niambie wanafunzi wako wamesema nini. Niambie na makosa.

Carmel


Walikale, tarehe 8 Desemba 2025

Carmel,

Zéphyrin amefika tangu tarehe 24 Novemba. Yuko salama. Ameamua kukaa upande huu kwa sasa. Barua nimeipata.

Théophile ana homa. Mimi mzima.

Kwa masomo yako ya mazoezi, chukua hesabu na kusoma. Kutoa, kugawa, sehemu. Mambo ya mazingira waachie wengine mwaka huu. Msalimie Papa Edmond, na umwambie matumizi ya simu yapumzike kidogo mpaka baada ya Pasaka, kwa sababu pano za jua zinaharibika haraka wakati wa mvua.

Barua hii uichome ukimaliza. Si kwa sababu ya kitu chochote. Ni karatasi nyingi tu nyumbani.

Noeli njema kwenu wote.

Dorothée


Karuba, tarehe 18 Januari 2026

Shangazi,

Tate anakusalimu, amekuwa mwembamba lakini anakula. Baba na Mama ni wazima. Baba hajui kwamba ninaandika.

Barua yako ya Desemba ilifika siku mbili baada ya Noeli. Niliisoma nikatafuta neno juu ya video, hakuna. Nilidhani haikukupendeza. Niliona haya, nikamwambia Papa Edmond umeshukuru sana. Huo ni uongo wangu wa kwanza kwa mwalimu wangu. Habari ya pano za jua nilimwambia, akacheka, akasema, "Dorothée anaogopa mvua?"

Jumatatu iliyopita, tarehe 12, watu watatu wenye bunduki walikuja shuleni saa tatu ya asubuhi. Walitutoa wote nje, sisi wafinalisti pamoja na darasa la nne la shule ya msingi ya jirani na Mama Colette. Mkubwa wao alikuwa na simu mkononi. Aliifungulia sauti yote, akaiinua juu. Tukasikia watoto wanahesabu: "...tisa, kumi, kumi na moja!" Na makofi. Uwanja mzima ulisikia.

Akamwuliza Papa Edmond, "Hii ni nini?"

"Ni somo, chef. Pande nne za dunia."

"Dunia iko na pande ine, na zote banatuangalia sisi?"

Papa Edmond akaanza kueleza fishi, kichwa, hatua, vifaa. Alieleza vizuri, kama darasani. Yule mtu akasikiliza mpaka mwisho, akampiga kofi, si kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango. Akasema kadi ilichukuliwa kwa mtu wa fromaji kwenye barieri. Kijana wao aliiweka katika simu yake ili asikilize miziki, wiki zikapita, ndipo akaikuta. Ilikuwa inakwenda Walikale, kwa wale wanaopigana nao. Ndani yake mna hema zao, barieri yao, anayelala, na njia ya mgombani.

"Na huyu namba saba ni nani? Mwalimu wa kweli iko na jina. Namba ni ya bapelelezi."

Hakuna aliyejibu. Jeannette alikuwa amekwisha kuchukua daftari la orodha la Papa Edmond na kuliingiza tumboni, chini ya sweta. Ndipo Mama Colette akatoka katika mstari.

"Namba saba njo mimi."

"Sauti ni ya mutoto."

"Mbele ya simu kila mutu anakuwa mutoto, Papa. Hata mwalimu anajifunza."

"Na huyu wa nyuma, na koti ya kijani?"

"Ni koti yangu. Nilimuazima mwenzangu, darasa iko baridi."

Akaangalia video, akamwangalia yeye. Sijui kama aliamini. Nafikiri alichoka. Wamemchukua, wamechukua na simu. Sisi sote tulikuwa uwanjani, tukaona.

Mume wake ni Papa Paul, fundi wa mbao. Wana watoto wanne, wa mwisho ana miaka miwili. Mama amewapelekea sombe ya majani ya muhogo na bugali.

Usiku ule Papa Edmond hakwenda kwake, alikuja kukaa jikoni kwetu. Alisema, "Niliwafundisha kushika simu. Sikuwafundisha kuuliza nani ataishika kisha yenu. Tuliangalia video ile mara mbili, watu ishirini na sita, na sisi wote tulikuwa tunahesabu vidole vilivyoinuliwa."

Shangazi, Papa Zéphyrin alifika kwako tarehe 24 Novemba. Alikuambia nini juu ya kadi?

Barua hii iko chini ya maharagwe, katika gunia la Mama Elodie anayeleta huku mafuta ya mawese kutoka kwenu. Usiisome mbele ya watu.

Carmel


Walikale, tarehe 9 Februari 2026

Carmel, mwanangu,

Théophile amepona. Hiyo ndiyo habari ya nyumba, nyingine sina.

Nimeanza barua hii mara tatu. Wanafunzi wangu wameniona nikichana karatasi, wakadhani ni mitihani.

Zéphyrin aliniambia yote usiku ule ule aliofika. Walimvua viatu, wakafungua bahasha, wakasoma mistari ya mwanzo ya barua yako, ile ya asali na panya, wakacheka, wakamrudishia. Kadi wakabaki nayo. Alitaka kurudi kesho yake awaambie. Mimi nilimzuia. Nilimwambia watamkamata safari ya pili. Hilo ni kweli, lakini si hilo tu. Niliwaza: ni kadi ndogo kama ukucha, wataweka nyimbo juu yake. Niliwaza: nikiandika ukweli, barua ikasomwa njiani, nitakuwa nimewaonyesha wanachokitafuta. Niliwaza pia, na hili ndilo sikutaka kuliandika, kwamba kama ningesema, kaka yangu angejua kuwa mimi ndiye niliyekuomba video, na kwamba ni mimi niliyesema usiruke mstari.

Kwa hiyo nilikuandikia habari za pano za jua.

Kama ningesema, ungekuwa na nafasi ya kumwonya Papa Edmond. Mama Colette angeweza kwenda kwa ndugu zake. Majuma saba, Carmel. Nimeyahesabu, siku moja moja.

Somo lako sikuliona. Wanafunzi wangu bado wanafundishana wao kwa wao. Juma lililopita niliwaambia tusimamishe fishi, tukaandika mstari mpya chini ya "vifaa": "Nani mwingine ataona hili?" Hawakuelewa. Mwenye ndevu akasema, "Mama, ni mukaguzi." Sikuwaeleza kwa nini.

Usiende popote. Usiseme kitu kwa mtu yeyote. Baba yako atakuambia hivyo hivyo, na kwa hili moja mimi na yeye tunapatana. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu.

Dorothée


Karuba, tarehe 22 Februari 2026

Shangazi,

Tate anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba hajakukasirikia. Sikumwambia kitu, lakini alinisikia nikilia na barua yako mkononi, na unamjua, anasoma migongo ya watu.

Umeniambia ulilolificha. Sasa ni zamu yangu, kwa sababu barua ya Januari niliiandika kama mtu anayefagia katikati ya nyumba tu.

Nilisema hakuna aliyejibu. Si kweli. Kabla Mama Colette hajatoka, yule mkubwa alipita kwenye mstari wetu. Alisimama mbele yangu.

"Weye, unaitwa nani?"

"Carmel."

"Namba saba, unamujua?"

Nilitikisa kichwa.

"Sema na sauti."

Nikasema kwa sauti, "Hapana, simujui." Ni sauti ile ile iliyo katika video. Mama Colette alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, alisikia. Alimtazama yule mtu, akaona ameanza kuinamisha kichwa, kama mtu anayekumbuka wimbo. Ndipo akatoka mstarini. Hakutoka kwa sababu hakuna aliyejibu, Shangazi. Alitoka kwa sababu mimi nilijibu.

Tangu hapo mimi ndiye ninayefundisha darasa lake. Hakuna mwalimu mwingine, na direkteri amesema mfinalisti aliyezoea watoto hao ni mimi. Nafundisha kutoa na kugawa, kama ulivyoniambia. Nauliza, "Hamsini toa kumi na tisa?" Hakuna kidole kinachoinuka. Nauliza mmoja mmoja, wanaangalia dawati. Wanaandika jibu sahihi kwenye vibao vyao, wanalifuta na mkono kabla sijafika. Nilimwita Tumukunde pembeni wakati wa mapumziko, nikamwuliza kwa nini hawajibu.

Akasema, "Mwalimu, tukijibu, batakupeleka na weye."

"Nani amewaambia hivyo?"

"Hakuna. Tulipatana."

Ndipo nikaelewa. Watoto hamsini na mmoja wanajua namba saba ni nani. Walikuwa uwanjani, wana miaka tisa, wana miaka kumi, na hakuna hata mmoja aliyenitaja, hata kwa mama yake. Wanafikiri wananilinda. Kila asubuhi naingia, wanasimama, wanasema, "Jambo, mwalimu," na hilo ndilo neno la mwisho ninalolisikia mpaka saa sita.

Kwa Papa Paul naenda kila Jumamosi. Naosha watoto, napiga randa mbao moja mbili akinionyesha. Hajawahi kuniuliza. Juma hili mwanamke anayepikia kambi alimletea habari. Mama Colette yuko hai. Amekonda, mkono mmoja hauinuki vizuri. Aliuliza kama darasa la nne wamemaliza kutoa kwa kuazima. Papa Paul aliniambia hayo akiendelea kupima ubao, kisha akasema, "Mujibu, mwalimu. Utume jibu." Nikasema hawajamaliza.

Mwanamke huyo amesikia pia kwamba baada ya tarehe 15 Machi waliofungwa watateremshwa mbali, mahali ambapo watu wa Karuba hawapeleki chakula. Papa Edmond anasema yuko tayari kwenda pamoja nami kabla ya siku hiyo. Ana fishi yangu ya somo lile, na kumi na saba yake kwa wino mwekundu. Anataka niketi mbele ya yule mkubwa nisome kichwa, asikie sauti, aone kwamba namba saba ni msichana wa shule aliyefuata mistari. Anafikiri mtu akiona kosa lilivyozaliwa anaweza kulicheka. Mimi ninamwamini nusu. Nusu nyingine ninamwamini Baba, aliyesema jana, "Habatabadilisha mutu, bataongeza. Batakuwa na babili." Kisha akatoka kulima, na ilikuwa Jumamosi jioni, hakuna anayelima wakati huo.

Usiniambie tena kwamba ni hatari. Hilo nalijua vizuri kuliko somo lolote. Wala usiniambie nisali, ninasali. Ninataka jibu la kitu kimoja ambacho wewe peke yako unakijua katika ukoo wetu, kwa sababu wewe ulinyamaza ili watu unaowapenda wasiumizwe, na umeona mwisho wake. Mama Elodie anarudi huku tarehe 10 Machi. Nitamngojea kwenye njia, nisome jibu lako hapo hapo, na nitafanya kama litakavyosema.

Shangazi, kama Mungu angekurudishia yale majuma saba, ungenyamaza tena?

Carmel